Limbu Hajaitwa

Habari yenyewe ilizukia kanisani, Jumapili ya Matawi, watu wakiwa bado na matawi yao mkononi: Songambele haina makaburi!

Hebu fikiria. Kijiji kizima cha ujamaa, nyumba zimejipanga mistari kama mihogo kwenye shamba la maonyesho. Shule ipo. Ghala lipo. Uwanja wa mpira upo, ofisi ya Mwenyekiti ipo na bendera yake, hata kiwanja cha zahanati kimeshachomekwa vijiti, zahanati yenyewe itakuja siku itakayopenda. Lakini bwana mpimaji alipokuja na kamba zake hakukumbuka kwamba watu hufa. Na watu wenyewe, kwa huruma ya Mungu, tangu wahamie mwezi wa tisa mwaka sabini na nne mpaka masika hayo, hawakumkumbusha. Hakufa mtu! Mafua, ndiyo. Homa, ndiyo. Ng'ombe wawili walikufa. Mtu, hapana.

Aliyelifumua jambo ni Nyamizi, mjane wa Limbu, mama aliyevuka makamo, mwenye sauti inayosikika mstari wa pili wa nyumba hata akinong'ona. Mwinjilisti Kasanda alikuwa anamalizia matangazo, miwani imemteremkia puani, banda la kanisa limetulia kwa njaa.

"Na Jumapili ijayo, wapendwa, ni Pasaka. Kama kawaida yetu, alfajiri, kabla ya jua, tunakutana makaburini."

"Makaburini wapi, Mwinjilisti?" Nyamizi akauliza kutoka upande wa akina mama.

"Makaburini..." Mwinjilisti akanyoosha mkono kuonyesha. Mkono ukaenda mashariki, ukasita, ukazunguka mpaka upande wa ghala, ukarudi taratibu ukashika miwani.

Mtu mmoja akacheka. Kisha banda zima likaelewa kwa pamoja, na kile kicheko kikakosa mwenzake.

Maana Wamoraviani Pasaka yao si ya kuanzia kanisani. Kule Isenga, kijiji chao cha zamani, walikuwa wanaamshwa na matarumbeta kukiwa bado giza, wanakwenda makaburini wamevaa safi, wanasimama katikati ya watu wao waliolala, wanangoja jua. Jua likitoa jicho tu, wimbo. Halafu Mwinjilisti anaita majina ya waliofariki tangu Pasaka iliyopita, mmoja mmoja, kila mtu penye kaburi lake. Akiita jina, jamaa wa marehemu wanajibu, "Tunamngoja!" Basi. Jina huitwa mara moja, Pasaka ya kwanza baada ya kufa, halirudiwi tena. Na mtu akishapita hapo watu husema ameitwa. Ukimtaja marehemu kwenye mazungumzo, bibi mmoja lazima aulize, "Ameshaitwa?" "Ameitwa." Hapo roho zinatulia, maongezi yanaendelea.

Limbu alikuwa hajaitwa.

Alifariki wakati wa kung'oa karanga, wiki chache tu baada ya Pasaka ya mwaka uliopita. Wakamzika Isenga, karibu na mama yake. Mwezi wa tisa lori la kuhamisha watu likafika. Nyamizi akapakia jiwe la kusagia, kuku, na mlango wa nyumba, maana mlango ule Limbu aliuchonga mwenyewe. Dereva anapiga honi, watoto wanalia, kuku mmoja karuka. Makaburini hakwenda. Alijiambia nitakwenda kesho. Kesho yake ilimkuta Songambele, kidole kimechomwa na nyasi za kuezekea.

Basi baada ya ibada watu hawakutoka. Wakabaki bandani kubishana.

"Tufanyie uwanja wa mpira," akasema Mzee Kapaya, mzee wa kanisa. "Ni peupe, jua linaonekana likitoka."

"Golini au katikati?" akauliza mpiga tarumbeta mmoja, na vijana wote wakashikwa na kikohozi cha ghafla.

Mwinjilisti akainua mkono. Alikuwa amepata neno, lilimwonekana usoni. "Wapendwa, labda Bwana anatufundisha. Wale akina mama walikwenda kaburini alfajiri, wakaambiwa hayupo. Na sisi leo tumepewa kijiji kizima kisicho na kaburi! Si Pasaka kamili hiyo?"

"Amina!" wakasema watu, na baadhi wakaanza kutafuta viatu. Neno lilikuwa limekaa vizuri, hata yeye mwenyewe aliona limekaa vizuri.

"Mwinjilisti," akasema Nyamizi, "maneno matamu. Lakini Yesu hakuacha mjane."

Wee! Waliokuwa wanatafuta viatu wakaketi tena.

"Mayo Nyamizi!" Mzee Kapaya akashika kichwa. Mayo ni mama kwa Kinyamwezi, na siku hiyo ilitoka kama karipio.

"Nimesema uongo?"

Mwinjilisti akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Hujasema uongo," akasema. "Limbu tutamwita, mayo. Pale pale uwanjani. Mungu anasikia popote."

"Mungu sina wasiwasi naye. Nina wasiwasi na Limbu. Hapa hapajui! Hajapakanyaga hata siku moja. Mkimwita golini ataitikia wapi?"

Watu wakacheka tena, ila safari hii wanawake wawili walicheka huku wakijifuta macho na kona ya khanga.

"Basi iwe mwakani," Mzee Kapaya akajaribu. "Mambo yakishatulia."

"Mwakani atakuwa marehemu wa zamani. Mmewahi kumwita marehemu wa zamani, mzee wangu?"

Hawakuwahi. Na kila mtu alijua kwamba hawakuwahi.

Mwinjilisti akamsindikiza mpaka mlangoni kwake. Alikuwa mtu mwema, Kasanda, tatizo lake ni kupenda kila jambo liishe kwa Amina. Wakasimama mbele ya ule mlango wa Limbu, uliokuwa umezidi upana wa nyumba mpya mpaka ukuta ukachongwa kuupisha.

"Unadhani Mungu atamsahau, mayo?"

"Yeye hasahau. Mimi ndiye ninayesahau," akasema Nyamizi. "Juzi nilikuwa natafuta sauti yake kichwani, nikaipata ya Mzee Kapaya. Nikaogopa. Nikasema huyu mtu sijamuaga, sijamwita, na sasa nampoteza hata sauti."

Mwinjilisti akafungua Biblia yake, akaifunga. Akampa mkono, akaenda zake.

Jumatatu ilikuwa siku ya shamba la ujamaa. Na kama kuna kitu kisichokosekana Songambele, ni kuitwa majina shambani. Mwenyekiti Modest alisimama juu ya kichuguu, mtu wa miaka kama arobaini, Mkatoliki, mpole kuliko cheo chake, lakini akianza kuita majina sauti inabadilika, inakuwa ya serikali.

"Ndugu Kapaya!"

"Nipo!"

"Ndugu Batuli!"

"Yupo!" akajibu Nyamizi.

"Yuko wapi?"

"Anakuja!"

Na kweli alikuwa anakuja, Batuli wa watu, jembe begani, kilemba kimekaa upande, anapita katikati ya mahindi akijifanya alikuwepo tangu zamani. Batuli ni jirani ya Nyamizi, Mwislamu, mcheshi, na usingizi wake wa asubuhi ulikuwa bado haujajiunga na ujamaa. Kila siku ya shamba ilikuwa hivyo hivyo. Yupo! Yuko wapi? Anakuja! Modest aliuliza kwa mazoea tu siku hizi, hata macho hainui, na Nyamizi alijibu kwa mazoea, huku anatema mate kiganjani ashike jembe.

Wakati wa kupumzika Nyamizi akamfuata Modest penye mtungi wa maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina ombi. Nataka kurudi Isenga."

Kata ya maji ikasimama njiani kabla haijafika mdomoni. Modest akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Mama, neno hilo usilitamke hapa."

"Isenga?"

"Kurudi!"

Maana lilikuwa neno baya, kurudi. Familia mbili ziliaga kwamba zinakwenda kuchukua mizinga yao ya nyuki kule kwenye mahame, hazikuonekana tena, kumbe zimejenga huko huko, zimelima. Wakubwa walikuja na gari wakamgombeza Modest mbele ya mkewe. Tangu siku hiyo, mtu akitamka kurudi, hata kama anarudi sokoni, Modest anashtuka.

"Kijiji kinaitwa Songambele, mama," akasema kwa upole. "Hakiitwi Rudinyuma."

"Mwenyekiti, babu yangu alikuwa mpagazi. Njia hiyo inayopita nyuma ya ghala lako, ndiyo hiyo hiyo aliyopita na meno ya tembo kichwani, kutoka Ujiji mpaka pwani. Alikwenda akarudi, akaenda akarudi. Hakuna aliyemwuliza."

"Alikuwa akirudi wapi?"

"Nyumbani! Swali gani hilo?"

"Ndilo swali lenyewe, mama. Nyumbani ni wapi?"

Nyamizi akageuka. Aliangalia mistari ya nyumba, akaona paa lake, nyasi bado zina rangi ya upya. Aliangalia magharibi, kwenye pori, upande wa Isenga. Batuli kule kivulini alikuwa ameacha kutafuna muwa ili asikie vizuri.

"Haya," akasema. "Siombi kurudi. Naomba kwenda. Kwenda Isenga, kurudi Songambele. Wakubwa wakikuuliza, waambie hivyo. Mama Nyamizi amekwenda, halafu amerudi. Amerudi hapa."

Akamweleza habari ya Limbu, kuitwa, jua, yote. Modest alisikiliza akiwa ameinama, anachora chini kwa kijiti.

"Siku ya Pasaka yenyewe?"

"Siku yenyewe. Alfajiri. Nitatoka Jumamosi, nilale kule..."

"Kulala hapana," Modest akakatiza. "Mama, naomba unielewe. Mtu akienda mchana, amekwenda. Akilala, amerudi. Ndivyo watakavyosema. Nenda mchana, urudi mchana. Na nitakupeleka mwenyewe, nikuone unakwenda na nikuone unarudi."

"Utanipeleka na nini?"

"Baiskeli."

Kule kivulini Batuli alipaliwa na muwa.

Hiyo alfajiri sasa ndiyo iliyomnyima usingizi Nyamizi wiki nzima. Atakwenda, sawa, lakini atafika jua limeshapanda. Alimwendea Mwinjilisti siku ya Alhamisi Kuu, akamkuta anapiga deki bandani kwa ajili ya Chakula cha Bwana, amekunja suruali mpaka magotini.

"Jua likishatoka inafaa?" akamwuliza bila salamu ndefu.

Mwinjilisti akaegemea ufagio. Safari hii hakukimbilia neno tamu. Alifikiri kweli kweli, mpaka maji yakaanza kukauka sakafuni.

"Wako wale wawili waliokuwa wanakwenda Emau," akasema. "Siku ile ile ya Pasaka. Walitembea mchana, wamenuna, wamekata tamaa, na Bwana yuko nao njiani hawamjui. Walimtambua jioni, mezani, alipomega mkate. Siku ile ilikuwa ndefu, mayo. Haikuishia alfajiri."

"Na wa kumwita? Wewe siku hiyo uko na kanisa. Na mimi ndiye jamaa, mimi ni wa kujibu. Siwezi kuita mwenyewe nikajijibu mwenyewe."

"Amwite yeyote aliyebatizwa."

"Hata Mkatoliki?"

Mwinjilisti Kasanda akaangalia ufagio, akaangalia paa. "Amebatizwa," akasema mwisho, kama mtu anayeng'olewa jino.

Pasaka ikaja, na lazima isemwe: uwanja wa mpira haukuwa mbaya. Umande, watu wamejifunga khanga na mashuka, matarumbeta yanametameta. Jua lilitokea katikati ya milingoti ya goli la mashariki, na yule kijana aliyeuliza golini au katikati alikuwa wa kwanza kukosa sauti ya kuimba. Mwinjilisti alipofika mahali pa majina alinyamaza. Aliacha nafasi tupu, kama mtu anavyoacha kiti, halafu akaendelea. Nyamizi aliimba mpaka mwisho, lakini miguu yake ilikuwa imeshaondoka.

Modest alimngoja penye ghala. Padri wao angekuja Jumatatu, kwa hiyo Pasaka yake ilikuwa na nafasi. Alikuwa amevaa shati jeupe na kofia, panga amelifunga kwenye fremu.

Na Songambele nzima ilitoka nje! Kila mtu siku hiyo alikuwa na kitu cha kufagia mbele ya nyumba.

"Jamani jamani, mjane kwenye keria ya Mwenyekiti!" Batuli akapiga vigelegele. "Shika kiuno, shoga! Ukianguka tutamwambia nani?"

"Nyamaza wewe, Batuli. Leo hujachelewa kuamka?"

"Habari kama hii nichelewe? Wakikuuliza njiani sema mnakwenda kikao!"

Hata Modest masikio yalimwiva. Akakanyaga pedali, baiskeli ikayumba mara mbili, ikashika njia.

Waliifuata ile njia ya wapagazi, iliyobaki kama mstari mwembamba katikati ya miombo. Nyamizi akamweleza kwamba yeye ndiye atakayeita jina. Pori lilikuwa limeshiba mvua, kijani mpaka linachosha macho. Penye mbuga maji yalikuwa yanafika magotini. Modest akabeba baiskeli begani, Nyamizi akabeba kapu la chakula kichwani na viatu vya Modest mkononi, na kila mmoja akajifanya haoni mwenzake anavyoteleza.

"Mama," akauliza Modest wakishavuka, anakamua suruali, "huyo Limbu alikuwa mtu wa namna gani?"

Nyamizi akafungua mdomo kusema alikuwa mtu mwema, kama inavyosemwa. "Mbishi," akasema. "Akichonga mlango ukapinda, anakwambia nyumba ndiyo imepinda."

Walifika jua liko utosini. Na Isenga haikuwepo.

Zilikuwepo nyasi. Nyasi kupita kichwa cha mtu. Kuta zilikuwa zimelainika kwa mvua na kurudi udongo, maboga yamejiotea yenyewe na kutambaa juu ya mafiga. Nyamizi alipita penye nyumba yake akaijua kwa shimo tu, lile shimo la mlango ambao sasa uko Songambele. Hakusimama. Alikwenda moja kwa moja upande wa makaburi, halafu hatua zake zikapungua, zikasita.

Misalaba ya mti mchwa wameimaliza. Vilima vya udongo vimekaa chini, vimesawazika. Modest akashika panga, akafyeka kwa muda mrefu, jasho linamtoka, mpaka pakaonekana mahali. Matuta mafupi mafupi, yote sawa.

"Ni huyu," akasema Nyamizi. Akasogea. "Au huyu. Huyu ni mama yake... au huyu ndiye mama yake." Alizunguka, akarudi alipoanzia. "Mwanangu, simjui. Nimekuja mpaka hapa, na simjui ni yupi!"

Modest akachomeka panga ardhini. "Yumo humu humu, mama. Hajatoka."

"Nitamwitaje bila kumjua alipo?"

"Si mimi ninayeita?" Modest akasema taratibu. "Wewe kazi yako ni kujibu. Nisemeje?"

"Jina tu."

Sasa Modest huyu kanisani kwao hakuwahi kusema neno zaidi ya kuitikia. Padri ndiye husema. Alivua kofia, akaishika kifuani, akasimama wima juu ya kijilima cha pembeni, akakohoa. Alitaka kuita kwa heshima, kwa upole, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa. Lakini mtu ana sauti moja tu ya kuitia, na yake ndiyo ikatoka, ile ya serikali, nzima nzima:

"Ndugu Limbu!"

"Yupo!" akajibu Nyamizi.

"Yuko wapi?"

"Anakuja!"

Kanga wakaruka kutoka kwenye nyasi, kundi zima, kwa kelele. Wale wawili wakabaki wameangaliana. Modest akajiziba mdomo na kofia.

"Mama, nisamehe. Mama yangu, ulimi tu, mazoea ya shamba..."

Nyamizi alikuwa ameketi chini, puu, kwenye nyasi zilizofyekwa. Mabega yanamtikisika. Modest alidhani analia, akapiga goti, ndipo akaona anacheka. Anacheka mpaka anashika mbavu, machozi yanashuka, na kwa muda ilikuwa haijulikani tena ni kipi ni kipi. Modest naye kicheko kikampata. Mwenyekiti wa kijiji na mjane wa Limbu, makaburini, mchana wa Pasaka, wanacheka kama watoto waliomwagia mwalimu maji!

"Sivyo inavyojibiwa," Nyamizi akasema alipopata pumzi.

"Inajibiwaje?"

"Tunamngoja."

"Basi turudie. Nimwite tena, vizuri."

Nyamizi akajifuta uso kwa khanga. Aliangalia yale matuta, hili na hili na lile. Alitafuta kichwani kosa lilipo. Yupo. Anakuja. Aliyasema bila kufikiri, kama alivyoyasema kwa Batuli siku zote, na Batuli hakuwahi kutokuja hata siku moja. Aliyasema mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Miezi yote hii alikuwa anamwomba Mungu ampe hakika, anapiga magoti, anafunga, na hakika yenyewe ikamtoka huku anajisahau.

"Usirudie," akasema. "Jina huitwa mara moja. Limbu ameitwa."

Alilisema tena, polepole, ili alisikie. Ameitwa. Na hapo ndipo alipolia kweli, kidogo, kwa utulivu, na Modest akaenda kuangalia tairi la baiskeli lisilo na tatizo lolote.

Aliporudi, Nyamizi alikuwa ameshatandika khanga na kutoa chakula: viazi vya kuchemsha, karanga, chumvi kwenye karatasi. Akasali, wakala. Modest alikula kiazi kimoja, akashika cha pili, hakukimenya. Alikigeuza geuza.

"Mama yangu alifia Tabora, hospitali," akasema. "Apolinaria. Nilikuwa kwenye semina ya wenyeviti. Barua ilinifikia ameshazikwa na watu wa parokia. Wakaniambia wamemzika vizuri. Najua walimzika vizuri." Akatupa ganda la karanga. "Si wa hapa, mama. Hapa hapajui kabisa. Wala si Mmoraviani. Nilikuwa nafikiri tu."

Nyamizi alisikia yale maneno. Hapa hapajui. Aliyajua, alikuwa ameyasema yeye, kwa sauti kubwa, mbele ya kanisa zima. Aliangalia tena yale matuta aliyoshindwa kuyatofautisha, akamwangalia huyu mtoto wa watu aliyevuka mbuga na baiskeli begani.

Akasimama. Akakung'uta nguo, akakaza khanga, akakohoa. Ile sauti yake haikuhitaji kichuguu.

"Ndugu Apolinaria!"

Ikaenda mpaka kwenye miombo, ikarudi. Modest alikuwa amekaa vile vile, kiazi mkononi. Nyamizi akangoja, hakumharakisha; siku bado ilikuwa ndefu.

"Yupo," akasema Modest.

Nyamizi hakumwuliza yuko wapi. Alikaa, akamchukulia kile kiazi mkononi, akakimenya, akakinyunyizia chumvi, akampa.